Unishushe Kwa Wazimu

Pale njia ya Nyakasanza inapopinda kuelekea kijito, chini ya mikaratusi miwili, kuna kituo cha pikipiki ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya commune. Kinaitwa Kwa Wazimu. Panda pikipiki popote Bunia, sokoni, uwanja wa ndege, hata huko juu Mudzi-Pela, sema tu, "Unishushe Kwa Wazimu," na kijana atakufikisha bila swali la pili. Jina hilo halikutolewa na chef wa quartier wala na padri. Lilitolewa na watu waliokuwa wakicheka, na majina ya namna hiyo, wee, hata serikali haiwezi kuyaondoa.

Wazimu mwenyewe alikuwa hai. Wengi walilisahau hilo. Alikaa hatua arobaini kutoka kituoni, nyumba ya matofali yenye bati la kijani, jina lake la ubatizo Josaphat, kazi yake useremala, na mwaka ule wa 2014 alikuwa na afya, na meno yake yote, na kazi nyingi kuliko mikono. Kila asubuhi akipiga randa alisikia: "Kwa Wazimu! Mama mumoja, Kwa Wazimu!" Akiinua kichwa, vijana wa pikipiki walimpungia mkono kwa heshima: "Jambo, Papa Josaphat!" Hawakuwa wabaya. Walikuwa wadogo sana jina lilipozaliwa, na karibu wote hawakujua kwamba Wazimu wa kituo na Papa Josaphat wa meza na vitanda ni mtu mmoja.

Jina lilizaliwa hivi. Mwezi wa tano mwaka 2003, wenye bunduki walipoukata mji vipande vipande, Josaphat alikuwa ametoka kumpelekea mteja kitanda. Siku tatu hakuweza kurudi. Aliporudi, nyumba ilikuwa imeungua, bati zimeng'olewa, mkewe Léonie na binti yao Divine wa miaka kumi hawapo, na hakuna jirani aliyebaki wa kumwambia kama wamekufa au wamekimbia. Kilichosalia ni mlango. Aliutengeneza mwenyewe mwaka aliooa, kwa libuyu, ile mbao nyekundu nzito, na moto ulikuwa umeula kona moja tu ya chini. Akaung'oa kwenye bawaba, akaubeba kichwani, akatoka kwenda kutafuta nyumba yake.

Ndiyo, kuitafuta, maana ile iliyoungua aliikataa, alisema si yake. Alipita avenue kwa avenue. Akifika kwa watu aliusimamisha mlango wake kwenye fremu yao, akapima kwa shubiri juu mpaka chini, akatikisa kichwa, "Haienee," akaenda nyumba ya pili. Akichoka alikuja kwenye ile mikaratusi, akauegemeza mlango katikati ya miti miwili, hapana ukuta, hapana dari, akagonga: "Hodi." Akangoja kama mgeni mwenye adabu. Akagonga tena. "Hodi." Watu wakacheka. Usiwahukumu sana, mwezi ule mji haukuwa na kitu kingine cha kuuchekesha.

Maneno yakamjia kila mtu na lake. Watoto walisema Wazimu, na hapa kwetu neno hilo ndilo ugonjwa na ndilo mtu mwenyewe: likishakupata huna tena jina la baba yako, wala kazi uliyojifunza, umemalizika. Wauza petroli walisema kichaa, na kichaa ni wa kufukuzwa kwa jiwe. Askari walisema liboma, kwa Lingala, huku wakishika tumbo kwa kicheko, lakini mtu wa liboma walau walimtupia sigara. Mwalimu mmoja alisema fou, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeokota kitu kichafu kwa karatasi. Wamama wa maombi walisema ana mapepo, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu mapepo yalitolewa kwa makofi. Halafu yakaja magari meupe ya mashirika, na ndani yake neno jipya, limefuliwa na kupigwa pasi: traumatisé, mwenye jeraha la moyo. Ebu ona! Hilo hata wakubwa walilikubali, hata matajiri walipanga foleni kuitwa hivyo, maana traumatisé alipewa sabuni na blanketi. Wazimu alifukuzwa sokoni. Na Josaphat alikuwa Josaphat yule yule, na mlango wake kichwani.

Mwezi wa tisa Léonie alirudi kwa miguu kutoka upande wa Oicha, amemshika Divine mkono, kitenge kimebaki nusu. Hapo njia panda mwanamke mmoja alimkimbilia.

"Mama Divine! Bwana yako iko, lakini iko wazimu."

"Iko?" Léonie akauliza. "Unasema iko?"

"Iko, lakini..."

Nusu ya pili hakuisikia. Alikuwa ameshaanza kukimbia. Akamkuta kwenye mikaratusi, ndevu zimemfunika uso, anagonga. "Hodi." Watoto wamekaa kwenye mtaro wanamtazama kama wako kwenye sinema. Léonie akamwacha Divine kando ya njia, akazunguka nyuma ya mlango ule uliosimama bila nyumba, akasafisha koo, akajibu: "Karibu, Papa Divine. Ingia, chakula iko tayari."

Kicheko kilikatika pale pale. Josaphat akasukuma mlango, ukaanguka chali, na upande wa pili akamwona mkewe.

Usidhani alipona siku hiyo. Akh, hapana. Ilichukua miaka miwili ya sindano na vidonge, na muuguzi mmoja mwenye subira, na Léonie kumfuata nyuma kila alipotoka na mlango. Lakini katika miaka hiyo yote Léonie hakuazima neno la mtu. Walipomwuliza bwana wake anaendeleaje, alijibu, "Iko njiani. Hajafika bado." Alimjibu hivyo muuguzi, alimjibu hivyo padri, na alimjibu hivyo mama mkwe wake mwenyewe aliyemshauri aolewe kwingine. Iko njiani. Mtu akisikia hivyo atafanya nini? Atangoja tu pamoja naye.

Siku moja ya mwaka 2005 Josaphat aliuweka mlango chini, akauangalia kwa jicho la fundi, akasema umeharibika. Akaikata ile kona iliyoungua, akaunga kipande kipya. Juu akakuta matundu mawili, yametobolewa kwa msumari, vibaya kabisa, si kazi ya seremala. Hakujua yalitoka wapi, akayaziba kwa vigingi vya mti. Kisha akaufunga mlango kwenye chumba kimoja cha udongo walichokuwa wamejenga. Léonie akamwita Divine jikoni. "Njoo umusalimie baba yako," akasema. "Amefika."

Mpaka leo kila asubuhi anameza kidonge chake kimoja na chai, na kabla ya kumeza anasema, "Aksanti Mungu, aksanti Mama Divine." Huo ndio utaratibu wa Jumapili. Siku nyingine anaanza na Mama Divine.

Walijenga nyumba ya matofali, mlango ukahamia huko. Divine akasoma, akapata kazi ya ualimu Iga Barrière. Josaphat alikuwa na mengi ya kushukuru na aliyashukuru kwa sauti, hata jirani walichoka. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni. Miezi ile ya mlango haikumo kichwani mwake. Alikumbuka uzito wake kwenye utosi, basi. Alimtukana nani? Alifanya nini mbele ya watoto wa watu? Hakuna aliyetaka kumwambia, naye hakuthubutu kuuliza, akaijaza nafasi ile kwa aibu. Na kila alipojisahau kidogo, kijana alipiga kelele kule kwenye kona: Kwa Wazimu!

Sasa Divine alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kule Iga kulikuwa na mwalimu mwenzake, Yves, kijana mpole mwenye kuvaa kola hata siku ya kulima. Wazee wa Yves wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi, saa nne asubuhi, kujionyesha.

Na kwetu wazee wa kijana hawaji kula kuku tu. Wanakuja kuchunguza. Kabla ng'ombe wa kwanza hajatajwa, msemaji wao anaweka kikombe chini na kuuliza, "Kwenu kuko ugonjwa gani?" Hasemi zaidi, lakini kila aliyekaa pale anajua anauliza kifafa, ukoma, uchawi na wazimu. Jibu linatolewa mbele ya wote, na uongo ukijulikana baadaye binti anarudishwa kwao. Tena hawangoji jibu la nyumbani peke yake. Njiani wanauliza muuza ndizi, wanauliza mwenye pikipiki: ile nyumba iko namna gani?

"Watashuka wapi?" Josaphat alimwuliza mkewe Jumatano, randa mkononi. "Ebu niambie. Watashuka wapi?"

"Pale kwenye kona, si pale batu yote banashuka?"

"Kwa Wazimu! Watashuka Kwa Wazimu, watauliza, wazimu gani? Na mutu wa kwanza atawaonyesha hii nyumba na kidole. Mama Divine, mutoto atakataliwa juu yangu."

Léonie aliendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo. "Papa Divine, weye ulirudia kutoka mbali sana. Leo unaogopa kituo ya pikipiki?"

Alikuwa anaogopa, ndiyo. Aliogopa hata kuliko siku za risasi, kwa sababu risasi walau haikuchagua. Divine alijaribu kumtuliza: Yves anajua papa aliugua wakati wa vita, alimwambia. Ulitumia neno gani, baba akauliza. Divine akatazama chini. Alisema "aliugua" tu. Josaphat akapumua kwa nguvu, akaenda kumtafuta Katsuva.

Katsuva alikuwa président wa waendesha pikipiki wa kona ile, mtu mnene mwenye koti la baridi hata jua likiwaka, na mmoja wa wachache waliojua. Mwaka ule wa 2003 alikuwa akiuza mikate pale pale, na alicheka pamoja na wengine, na tangu Josaphat alipowatengenezea benchi la kituo bila kuwatoza kitu, hakuweza kumtazama usoni bila kukumbuka kicheko kile.

"Katsuva, ninakuomba kitu moja. Samedi, mutu asitaje ile jina."

Katsuva hakuuliza jina gani. "Samedi yote, Papa. Lakini tutasema nini?" Akakuna shingo. "Kwa Mugonjwa? Hapana, batafikiri ni hôpital. Kwa Traumatisé?"

"Katsuva."

"Aya, aya. Kwa Mutu Alipona?"

"Sema Kwa Menuisier. Mimi ni menuisier, fundi wa mbao, si ni kweli?"

"Ni kweli kabisa, Papa. Kwa Menuisier!"

Na Katsuva alipoamua jambo, hakufanya nusu. Alipiga simu kila kituo cha mji, sokoni, barabara ya Iga, Mudzi-Pela: Jumamosi mtu akiuliza Kwa Wazimu, hakuna, haijawahi kuwa, mpelekeni Kwa Menuisier. Kama wenye bunduki wa nchi hii wangesikilizana kama vijana wale walivyosikilizana, watu wa Gety wangekuwa wanavuna mihogo yao kwa amani na sisi wote tungelala bila kutega sikio.

Jumamosi ikafika. Léonie alikuwa amepika wali, mbuzi, sombe, samaki wa Ziwa Albert, na bugali kwa wale wasiojua kushiba bila bugali. Divine alivaa kitenge cha bluu, akavua, akavaa cha kijani. Josaphat alikaa kwenye kiti akiuelekea mlango wake. Ikapiga saa nne. Ikapiga saa tano. Helikopta ya watu wa amani ilipita chini chini kuelekea kusini, na Léonie akasema pengine barabara ya Iga ina shida, mambo yanaweza kuharibika wakati wowote, nani asiyejua. Divine akampigia Yves, ambaye kwa desturi alibaki kwao. Yves akasema waliondoka saa mbili, watu watatu, na simu ya baba mdogo Mathieu haiiti.

Saa sita, Josaphat akainuka. Hakuhitaji kuambiwa. Walifika, wakauliza, wakajibiwa, wakarudi. Akamwona Divine ameshika pembe ya kitenge cha kijani anaikunja na kuikunjua, na moyo wake ukamwuma kweli kweli. Akatoka nje kama alivyo, bila kofia, akaenda kwenye kona.

Katsuva alimpokea kwa meno yote.

"Papa, usiwe na wasiwasi! Kazi inaenda muzuri sana! Kuko mama muzee mumoja, ana fimbo, iko na batu wawili, tangu saa nne anazunguka muji anauliza Kwa Wazimu. Tumemukatalia mara tatu! Bamotard ya soko balimuambia, maman, hapa Bunia hakuna wazimu. Unajua alijibu nini? 'Muji muzima hakuna wazimu? Mulifukuza bote, ao munanidanganya?'" Akapiga paja kwa furaha. "Vraiment, ni mama mukali."

Josaphat akamshika koti. "Sasa bako wapi?"

"Si tuliwapeleka Kwa Menuisier."

"Menuisier gani, Katsuva? Menuisier ni miye!"

Katsuva akachomoa simu mfukoni. Kumbe vijana wa sokoni, waliposikia menuisier, walifikiri yule wa Mudzi-Pela, fundi wa masanduku ya maiti, ambaye ana kibao kikubwa. Mungu wangu. Wakwe wamekuja kuomba binti, wamepelekwa kuchagua majeneza. Katsuva alishapiga simu, jasho linamtoka ndani ya lile koti. "Bado bako kule. Ule muzee mwanaume iko na kasirani, anasema wanarudi Iga sasa hivi. Papa, niseme nini?"

Angeweza kuwaacha warudi. Wangerudi wamechoka na wamekasirika, lakini bila neno lile. Siku nyingine Yves angewaleta mwenyewe kwa njia ya nyuma, na labda, labda. Josaphat alitazama mikaratusi miwili. Gome la kila mmoja lilikuwa limechubuka mahali mlango ulipokuwa ukiegemea, alama mbili za usawa mmoja. Léonie alisimama nyuma pale akasema karibu, mji mzima unamtazama, na hakuona haya.

"Nipe simu," akasema.

Upande wa pili alikuwa kijana asiyemjua. "Mutoto yangu," Josaphat akamwambia, "mupandishe ule mama na batu yake. Ubalete Kwa Wazimu."

"Papa, président alisema hakuna..."

"Iko. Kwa Wazimu iko. Umuambie Wazimu mwenyewe anamungojea hapa kwenye kona."

Vijana wote kwenye benchi wakageuka. Mmoja akavua kofia yake ya kuendeshea, akamtazama Papa Josaphat, akatazama kituo, akamtazama tena. Miaka kumi na moja neno lile lilikuwa midomoni mwa mji mzima isipokuwa mdomoni mwake. Alingoja limwume. Akaona kiu tu, akaomba maji.

Pikipiki tatu zikafika moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza ilimbeba Mathieu, baba mdogo wa Yves, suti imekuwa nyekundu kwa vumbi. Ya pili ilimbeba binamu aliyekumbatia jogoo. Ya tatu ilimbeba yule mama, mwembamba, mweupe wa nywele, mguu mmoja haukunjiki. Akateremka bila kukubali kushikwa. Huyo alikuwa Bibiane, shangazi wa Yves, dada mkubwa wa Mathieu.

"Muzee," Mathieu alisema bila kutoa mkono, "tumezungushwa tangu saa nne. Tumepelekwa kwa mutu wa masanduku ya maiti. Hii ndjo namna munapokea wakwe?"

"Munisamehe. Ni miye nilikataza bamotard." Josaphat alikuwa amesimama wima kama shuleni. "Kule nyumbani mungeniuliza kwetu kuko ugonjwa gani, na miye ningewadanganya. Basi acha nijibu hapa. Hii kituo inaitwa Kwa Wazimu, na Wazimu ni miye. En deux mille trois, wakati ya vita, akili ilinitoka, miaka miwili. Mupaka leo ninameza dawa. Divine hana hii ugonjwa, Divine ni mama yake mutupu. Mukitaka kurudia Iga, sitawakasirikia. Lakini mukule kwanza, Mama Divine amepika tangu jana."

Mathieu alitazama viatu vyake. Swali lake lilikuwa limejibiwa kabla hajaliuliza, na hakuna aliyemfundisha mtu hufanya nini hapo. Akafungua mdomo. Bibiane akamtangulia.

"Mulango iko wapi?"

"Mulango gani, mama?"

"Yesu! Mutu alibeba mulango muji muzima, leo ananiuliza mulango gani."

Akaipita ile kona bila kusubiri mtu, fimbo, mguu, fimbo, mguu, hatua arobaini zote, na wao nyuma yake, na Katsuva nyuma yao, na benchi zima nyuma ya Katsuva. Mbele ya nyumba Léonie na Divine walikuwa wamesimama. Aliwasalimu kwa kichwa tu. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango, akaugusa kule chini palipoungwa, kisha akanyoosha mkono juu mpaka kwenye vile vigingi viwili, akaweka kidole juu ya kimoja.

"Kamba ilipita hapa," akasema. "Na hapa."

Akageuka, akauegemea mlango mgongo wake wote.

"Nilipigwa risasi mu muguu, kule ngambo ya kijito. Nililala kando ya njia tangu asubuhi. Batu balipita, bengi. Kila mutu alisimama, na kila mutu aliniuliza kwanza: mama, weye ni kabila gani? Batu bazima, batu ya akili. Nikijibu, anaenda. Nikinyamaza, anaenda mbio zaidi. Halafu alikuja huyu, mulango kichwani. Hakuniuliza kitu. Alilaza mulango chini, alinipima na shubiri, kichwa mupaka miguu, na alisema: 'Unaenea.'"

Léonie akaweka mkono mdomoni.

"Alitoboa na musumari, alifunga kamba, alinikokota mu matope mupaka kwa bapadri, kule balikuwa banapokea bagonjwa. Pale alisema hodi, kama mugeni. Balifungua. Balinibeba ndani, naye alichukua mulango yake, alienda. Niliuliza ule ni nani. Balisema, aka, ule ni wazimu tu." Akakita fimbo chini. "Basi ndjo jina niliyopewa. Kila asubuhi, miaka kumi na moja: Mungu, uchunge ule Wazimu. Sina jina ingine ya kukutajia, lakini unamujua. Yves aliposema mutoto anakaa Kwa Wazimu, nilisema naenda, ata mukinibeba."

"Yaya," Mathieu akamwambia dada yake mkubwa, "mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuliza kwanza ni kabila gani."

Mathieu akavua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. 

Josaphat alikuwa analia waziwazi mbele ya vijana wote, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Nafasi ile ndani ya kichwa chake aliyoijaza aibu miaka yote, mtu amekuja na fimbo na kuonyesha kilichokuwa ndani. "Mama, sikumbuke," akasema. "Ninataka kukumbuka, lakini sikumbuke kabisa."

"Sikukuja kukuuliza. Miye nakumbuka ya kutosha siye wawili." Akamgusa shavu kwa mkono mkavu. "Aksanti, mwanangu. Ulikuwa unanidai ile neno. Sasa ingia ndani mbele yangu, na ufunge."

"Nifunge?"

"Ufunge mulango. Miye ni mugeni, nitaingia namna gani bila kubisha?"

Akaingia, akaufunga. Ndani kulikuwa na harufu ya mbuzi na sombe, na Léonie, aliyepita mlango wa jikoni, alikuwa amesimama kando ya meza na kifuniko cha sufuria mkononi. Josaphat akasimama mbele ya mbao zile nyekundu, upande ambao Léonie alisimama siku ile, akasikia fimbo ikigonga mara tatu.

"Hodi."

Akamtazama mkewe amsaidie. Léonie akatikisa kichwa: hii ni yako.

"Karibu," akasema Josaphat, akashika komeo. "Karibu, mama. Ingia, chakula iko tayari."